Nadhiri ya Mpishi

Mtaa mzima ulimwita Sponji, na mwenyewe aliitika. Alikuwa fundi wa makochi, karakana yake ni sebule ya nyumba aliyokulia, na mkaguzi wake mkuu alikuwa mama yake mzazi, ambaye haoni. Kochi likikamilika, mama huketishwa juu yake. Anajisogeza huku, anajisogeza kule, kisha anatoa hukumu: "Hapa katikati umepunja." Sponji hulifumua bila ubishi, maana mteja angekuja kusema hayohayo, tena kwa maneno makali zaidi.

Macho ya mama yaliondoka na presha ya macho. Akiwa amelazwa kwa upasuaji ambao haukusaidia kitu, mumewe alifariki ghafla nyumbani. Sponji na dada yake walikata shauri kwamba mtu aliyetoka kupasuliwa macho hafai kulia, basi wakanyamaza. Mama aliporudi, mumewe alikuwa keshazikwa. Hakuwagombeza. Hakuuliza mengi pia, na wanawe walishukuru kimoyomoyo.

Jioni zikawa ndefu. Baada ya kufagia nyuzi na vipande vya sponji, kijana akaanza kumwekea katuni ya Kijapani aliyoifuata tangu yuko shule. Ni hadithi ya wasafiri wachache wanaorudisha kengele iliyoibwa kwenye mlima wake, na tatizo ni kwamba mlima wenyewe unahama. Wakiukaribia tu, huo, umeshaondoka. Kwa hiyo hadithi haina sababu yoyote ya kuisha, na walioitunga bila shaka walilijua hilo. Sponji alisoma maandishi ya chini ya kioo kwa Kiswahili chake na kueleza picha. Alidhani mama atachoka mapema. Wapi! Mama hakujua neno hata moja la Kijapani, lakini hazikupita wiki nyingi akawa anazijua sauti zote, nani muoga, nani anajidai.

"Huchoki, mama? Hawafiki hawa."

"Hadithi fupi ni za wenye haraka. Mimi naenda wapi?"

Kipenzi chake alikuwa mpishi wa msafara, jitu la mwili linalocheka kwanza ndipo liseme. Mama alidai kicheko kile ni cha mtu aliyelelewa vizuri, na akikisikia alicheka naye kabla hajatafsiriwa chochote.

Sponji alikuwa na mazoea ya kuitazama sehemu ya jioni mapema kwenye simu, ajue ataielezaje. Siku hiyo mpishi akafa. Alishikilia kamba za daraja wenzake wavuke, daraja likaenda naye. Sponji alilia akiwa na stepla mkononi, akaifuta pua kwa kipande cha kitambaa cha mteja, kisha jioni akairuka sehemu ile na kuweka iliyofuata.

"Mbona mpishi kimya?" mama akauliza.

"Ameweka nadhiri. Hasemi wala hacheki mpaka kengele ifike."

Lilimtoka kabla hajalifikiria. Njia ya mwongo ni fupi, walisema wahenga, lakini wahenga hawakuwahi kutazama katuni hii. Uongo wa Sponji ulipata miguu ukatembea na msafara. Wenzake walipomlilia mpishi, Sponji alisema wana njaa. Kila jioni ilibidi amtafutie marehemu kazi.

"Leo kapika nini?"

"Maharage."

"Tena?"

"Wako jangwani, mama."

Mama akazidi kumpenda. Hata wateja alikuwa akiwauliza, wanaume wa kujizuia namna hiyo siku hizi wako wapi. Sponji naye, tuseme ukweli, alianza kuionea fahari kazi yake.

Jioni moja wakaketi kwenye kochi jipya la daktari wa meno, gundi bado inanuka. Sehemu ikaanza, na kitu cha kwanza kusikika kilikuwa kicheko.

Mama alipiga makofi. "Kacheka! Kacheka huyo! Wamefika mlimani?"

Kiooni, msichana anayebeba kengele alikuwa amelala, na mpishi alikuwa ndotoni mwake akikoroga sufuria. Sponji alikuwa na jibu mdomoni: naam, wamefika. Lakini wakifika leo, kesho atasema nini? Akakaa kimya. Mama akausikia ukimya ule, makofi yakakoma.

"Sponji." Hakuwahi kumwita kwa jina hilo.

"Alishakufa, mama. Huyo msichana anamwota tu."

"Lini?"

"Zamani. Kwenye daraja."

Mama alipapasa mshono wa kochi, akaenda nao mpaka mwisho. "Wenzake walilia?"

"Sana."

"Na wewe?"

"Nililia."

"Mlilia nyote. Mimi peke yangu nauliza kapika nini."

"Sikutaka uumie, mama."

"Ndiyo. Kule hospitali pia nilikuwa nakuuliza kila siku kama baba yako amekula. Ukaniambia amekula."

Aibu ilimshika Sponji mpaka masikioni.

"Rudisha nyuma," mama akasema. "Hapo darajani. Na usinirukie neno."

Akaitafuta sehemu ile, akaipata. Alieleza upepo, kamba, mikono ya mpishi inavyochubuka. Mpishi akacheka kwanza, kama kawaida yake, ndipo akawaambia wenzake wasigeuke. Hapo sauti ya Sponji ikakatika. Mama akamgusa goti: soma. Akasoma. Mama akalia kwa sauti kubwa, bila kujificha, akalia mpaka katuni ikaisha na nyimbo zake zote.

Kisha akajifuta uso kwa ncha ya kanga, akajiweka sawa kwenye kochi la daktari wa meno.

"Haya. Sasa nielezee baba yako. Anzia asubuhi."

Sponji akazima televisheni, akaanzia asubuhi.