Tumbaku kwa Bi Lorene

Nilifunga safari kwa sababu darasa la Kiswahili ninalofundisha lilikuwa linafia mikononi mwangu. Watoto kumi na sita walibaki wanne, na mwenyekiti wa umoja wetu wa Watanzania huku Marekani aliniambia wazi: mwezi ukiisha hivi, tunafunga. Muuguzi mwenzangu kazini, Mdakota, mmoja wa wenyeji wa asili wa nchi hii, ndiye aliyenielekeza. "Nenda kituo chetu kule Minneapolis, mwone Bi Lorene. Lugha yetu ilibaki kidogo ipotee. Ila ukienda kumwomba mtu mzima ushauri, mpelekee tumbaku, ndiyo heshima kwetu."

Jumamosi saa tatu asubuhi, Lakeville, mji tunakoishi. Mimi mwanakwaya, nanunua tumbaku kituo cha mafuta huku nikichungulia kama hakuna muumini mwenzangu! Binti yangu Neema, wa miaka kumi, alicheka mpaka akashika tumbo. Nikamwambia mkono mtupu haulambwi.

Saa nne tulikuwa tumeshavuka mto Minnesota na kuingia mjini. Nchi hii ilikuwa ya Wadakota. Leo wengi wao wanaishi kwenye flati za mitaa ile, na kituo ndicho kinachowakutanisha. Ndani kulinukia supu ya mahindi. Mabibi, akina baba na watoto walizunguka meza wakimenya maboga, kila kitu kikitajwa kwa Kidakota. Baba mmoja alikosea, mwanawe akamsahihisha, wote wakacheka.

Bi Lorene, mwanamke wa makamo ya mama yangu, aliipokea tumbaku kwa mikono miwili.

"Sasa uliza, binti yangu."

"Nifanyeje watoto warudi darasani?"

"Wakiwa darasani, wazazi wako wapi?"

"Nje, kwenye magari. Wanasubiri."

"Na wewe nyumbani unamsemesha huyu lugha gani?"

Aibu ilinishika. Nilikiri kwamba nikitoka zamu nimechoka, Kiingereza ndicho kinachoharakisha mambo.

"Mama yangu alichapwa shuleni kwa kusema Kidakota," alisema taratibu. "Ninyi nani amewakataza?"

Alinipa kisu na boga, nikakaa.

Saa nane tulianza kurudi. Nilimuuliza Neema, kwa Kiswahili, alikuwa anawaza nini.

"Mama, mimi nili-think Kiswahili ni ya kuongea na bibi kwa simu tu."

Iliniuma sana. Kosa halikuwa la watoto. Tulikuwa tunawatuma peke yao kwenye lugha ambayo sisi wenyewe tumeiacha.

Jumamosi iliyofuata nilisimama mlangoni pa ukumbi wa darasa letu na kuwaita wazazi wote washuke kwenye magari.

"Dada, mimi nimemleta mtoto tu," baba mmoja alilalamika.

"Karibu, kaka. Vitunguu vile pale."

Tulikunja sambusa watu ishirini na kitu, tukibishana majina ya viungo. Mwenyekiti alikuja na barua ya kulifunga darasa mfukoni. Mtoto mmoja akamwambia, "Babu, nawa mikono kwanza." Akanawa, akavuta kiti, akaanza kukunja.