Mjomba wa Barazani

Kovu langu liko juu kidogo ya goti la kushoto, refu na la kukunjamana, na wajukuu wanapenda kulipapasa. Silionei haya hata kidogo. Bila kovu hilo nisingekuwa na mguu, na huenda nisingekuwepo.

Nilikuwa msichana mdogo, enzi za Mjerumani, mguu ulipoanza kuvimba. Baba na mama walinibeba kwa kupokezana kutoka mlimani, tukapitia Bigwa mpaka hospitali ya Morogoro. Daktari Mjerumani alinibonyeza, nikapiga yowe. Akasema kupitia msaidizi wake kwamba usaha umefika kwenye mfupa: nipasuliwe kesho yake, la sivyo mguu utakatwa, au nitakufa.

"Baba mtu si huyu hapa?" msaidizi akasema. "Akubali, tumalize."

"Mimi ni baba tu," baba akajibu.

Daktari alidhani anafanyiwa mzaha. Msaidizi naye alikuwa mtu wa pwani, hakuelewa. Kwetu Uluguru mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na wa kumsemea katika jambo la kisu ni mjomba. Mjomba wangu alikuwa mbali, Kisaki, amechukuliwa na Wajerumani kubeba mizigo. Baba angenitoa nipasuliwe, kisha nife, angewaambia nini wakwe zake? Basi tukatuma mtu Kisaki, tukakaa barazani kungoja. Zamu yangu ikafika, akapewa mtoto mwingine. Ikafika tena, ikapita tena. Nilikuwa nimeanza kunuka. Mama alinifukuzia nzi huku amemnunia baba, maskini.

Hapo barazani palikuwa na mzee kutoka upande wa pili wa milima, mwenye mtoto wa jicho macho yote mawili, naye anangoja kupasuliwa. Alimsikia mama akilia.

"Mama, ninyi ni ukoo gani?"

Mama akamtajia.

"Ndio wangu. Basi wewe ni dada yangu, na huyo ni mpwa wangu. Mbona mnakaa kama hamna mtu? Nishikeni mkono, mnipeleke kwa daktari."

Daktari alimuuliza kama ananijua.

"Simjui. Lakini ni wetu. Mpasue."

Nilipasuliwa siku ile ile. Mzee akakaa kando ya kitanda changu, maana aliyetoa ruhusa haondoki. Walipomwita kwa ajili ya macho yake, nilikuwa bado naweweseka kwa homa. Akasema wampe mwingine. Halafu daktari akaenda safari, na mzee akabaki gizani mpaka aliporudi. Namshukuru kila asubuhi ninapokanyaga chini.

Tangu hapo msaidizi alikuwa akiwauliza watu wa mlimani ukoo wao kwanza, ugonjwa baadaye, ili mjomba atafutwe pale pale barazani. Watoto wengi hawakungojeshwa kama mimi. Hilo nalo nalishukuru.

Siku mzee alipofunguliwa bandeji, nilikuwa natembea kwa fimbo. Mama akanisogeza mbele yake.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba." Alinitazama kwa muda mrefu, machozi yakimtiririka, akanishika uso kwa mikono miwili. "Kumbe ndiye wewe niliyekusemea! Pua hii ni ya kwetu kabisa."

Mama akacheka, kwa mara ya kwanza tangu tushuke mlimani.