Manowari za Ayanle

Mimi Gacheri wa chai nimewahi kuwa waziri wa fedha. Cheka, ukimaliza niendelee. Nchi yenyewe haikuwepo, bajeti yake ilikaa kwenye simu ya Ayanle yenye kioo kilichopasuka, na kazi yangu ilikuwa kukataa. Kukataa ninakujua. Nimeuza chai hapa Garissa, karibu na soko la mifugo, tangu serikali ilipomleta mume wangu huku kuwa karani. Alipofariki, watu wa kwetu Meru waliniambia nirudi nyumbani, nikakataa. Ikaja ile miaka ya hofu, ya mabomu na risasi, wenzangu wengi wa kutoka bara wakafunga virago. Mimi nikabaki na sufuria zangu.

Ayanle alikuwa jirani yangu wa ukuta, fundi wa kuchomelea vyuma. Mageti, matangi ya maji, mikokoteni ya punda, yote yake. Kijana mrefu, mpole mpaka anakera. Aliniita edo, ndio shangazi kwa Kisomali, na pesa kwake ilikuwa besa, nipe ikawa nibe, hata umrekebishe vipi. Shida yake ilikuwa moja, na hiyo moja ilimtosha: hakuwa na kitambulisho.

Usiyekaa huku huwezi kuelewa. Pale daraja la Tana polisi husimamisha kila gari, na asiye na kipande hushushwa. Mtu akivuka daraja tunasema ameenda Kenya, kana kwamba sisi tuko kwingine. Na huko Kenya ndiko alikokuwa mkewe, Nasteho, muuguzi aliyepata kazi Nakuru, pamoja na binti yao mdogo, Iftin. Ayanle alijaribu kuvuka mara moja, amejibanza kwenye lori katikati ya mbuzi. Wakamtoa kwa masikio. Nilienda kituoni kumwombea mimi mwenyewe, na nilipiga kelele mpaka wakachoka na mimi wakamwachilia.

Nasteho alikuja kila alipopata likizo, na mtoto mgongoni. Lakini ndugu zake wakaanza maneno. Mume gani huyu wa kwenye simu? Mwishowe akamwambia Ayanle waziwazi, mbele yangu, hapo kwenye benchi: ukikosa kitambulisho na safari hii, tuachane kwa heshima. Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu aliyechoka, na mimi nilimhurumia yeye pia.

Sasa, hizo manowari. Ayanle alikuwa na kikundi kwenye mtandao, watu wasioonana kamwe. Mmoja Mpolandi, mwingine wa Brazili, sijui mwingine wa wapi. Walicheza mchezo wa kuwazia historia. Vita vikuu vya kwanza vimekwisha, vya pili bado, na katikati hapo mambo yamekwenda njia tofauti na ilivyokuwa kweli. Kila mtu achukue nchi na apange meli zake za kivita, mwaka baada ya mwaka. Aseme chuma kinatoka wapi, makaa ya mawe yanatoka wapi, mafundi ni wangapi. Kulikuwa na mwamuzi wa kukubali au kukataa. Wengine walichukua nchi zinazojulikana. Ayanle akabuni yake, nchi ya pwani ya Wasomali, kuanzia Kismayu kupanda juu, ambayo Mwingereza na Mwitaliano wote walishindwa kuichukua.

"Nchi hiyo haijawahi kuwepo," nikamwambia.

"Najua, edo. Lakini kama ingekuwepo, ingehitaji meli."

Kila alasiri baada ya swala, umeme ukipotea na mashine yake ikinyamaza, alikuja kukaa kwenye benchi langu na kuniomba pesa za serikali. Alianza yeye kuniita Mheshimiwa Waziri, na mimi, shetani gani sijui, nikakubali cheo. Nilitaka manowari moja kubwa, yenye mizinga ya kutisha, Mwitaliano akiiona ageuze. Yeye hakutaka. Alitaka chelezo kwanza, pale meli inapopandishwa nchi kavu itengenezwe. Kisha mashine ya kuchimba mchanga bandarini. Kisha shule ya mafundi.

"Ayanle, miaka mitatu ya bajeti yangu na hakuna hata mzinga mmoja! Wananchi watanipiga mawe."

"Edo, nibe besa ya chelezo. Mzinga utakuja."

Akanieleza kwamba mwaka elfu moja mia tisa ishirini na mbili mataifa makubwa yalikaa Washington yakapimiana tani za manowari, nani ajenge ngapi. Hilo ni la kweli, liko kwenye vitabu. "Sisi hatukualikwa," akasema, anatabasamu mpaka masikioni. "Kwa hiyo hakuna mkataba unaotufunga." Ni mara ya pekee nilipomwona mtu huyo akifurahia kuachwa nje ya orodha.

Kilichonikosanisha naye ni jinsi alivyozigawa meli zake. Zilipokwisha kujengwa, hakuziweka pamoja. Nyingine kusini Kismayu, nyingine kaskazini, nyingine bandari ndogo katikati. Mpolandi akamcheka, akamwandikia kwamba jeshi likigawanywa limeshapigwa. Mimi nikamuunga mkono Mpolandi. Ayanle akaniuliza kama nimewahi kumwona mfugaji mwenye akili akiweka wanyama wake wote kwenye malisho mamoja.

Hapo ndipo aliponieleza habari ya baba yake. Ukame ule mkali wa mwaka elfu mbili na kumi na moja ulipobisha hodi, mzee aligawa kila kitu, kama walivyofanya baba zake. Ngamia wakapelekwa upande wa Takaba, mbuzi wakapewa shemeji yake huko Buna. Huyu akifa, yule abaki, na aliyebaki amfufue aliyekufa. Watoto nao akawagawa vilevile. Nunow, mkubwa, akafuata ngamia. Ayanle, aliyekuwa na miaka kumi na minne, akapelekwa kambi ya wakimbizi ya Dagahaley kwa shangazi yake Maka, aandikwe kama mtoto wa huko, apate mgao wa chakula na shule. Nani angemlaumu mzee? Mtoto alikuwa na njaa, na Dagahaley kulikuwa na unga. Akabonyeza vidole vyake kwenye mashine, akala, akaishi.

Mvua ikarudi, Nunow akaja kumchukua mdogo wake. Lakini vidole vilibaki kwenye kompyuta. Alipofika umri wa kipande, Mkenya kamili, mama yake Mkenya, baba yake Mkenya, kompyuta ikasema huyu ni mkimbizi. Tangu siku hiyo, ofisi hii inamtuma ile, ile inamtuma hii. Nilikasirika siku aliyonisimulia, nikavunja kikombe. Kosa lake lilikuwa kula.

Kwenye mchezo vita vikaja. Manowari za adui zikafunga mlango wa Kismayu, na meli zake za kusini zikanaswa ndani. Zile za kaskazini zilikuwa nzima, zina makaa ya kutosha, zingeweza kwenda kusaidia. Kikundi kizima kilisubiri aamue. Ayanle akaandika kwamba za kaskazini zisiondoke.

"Wee! Unawaacha watu wako?"

"Mbuzi wakishikwa na ugonjwa, edo, hatuwachanganyi na wazima."

"Kuna mabaharia ndani ya hizo meli! Wana mama zao!"

"Ni mabaharia wa simu," akasema. Lakini hakuagiza chai ya pili siku hiyo, na macho yake yalikuwa mekundu. Nilimwambia nimejiuzulu uwaziri. Nilikuwa ninamaanisha.

Wiki chache baadaye ikatangazwa kamati ya uhakiki, ya kusikiliza Wakenya ambao vidole vyao viko kwenye orodha ya wakimbizi. Masharti yalikuwa rahisi kusema: aje ndugu wa damu, mwanaume, mwenye kitambulisho, aape mbele ya wazee kwamba huyu ni wetu. Baba alikuwa ameshafariki. Mama yao, Fatumo, alikuwa Takaba, miguu haimbebi. Akabaki Nunow.

Nunow alikuwa amefanikiwa. Ngamia wa baba waliponusurika, alikuwa nao yeye. Sasa alikuwa na duka Takaba, na alikuwa akipeleka mbuzi kwa lori mpaka Nairobi. Yeye ndiye aliyemlisha mama yao, na watoto wake watano, na mashemeji ambao sikuwamaliza kuwahesabu. Ayanle alipompigia simu alisema, nakuja, walaal, ndugu yangu. Na alikuja, safari yote ile ya vumbi. Walikumbatiana hapa kwenye kibanda changu mpaka nikaingia jikoni nijifanye natafuta sukari. Ayanle akampigia Nasteho, akamwambia atayarishe mahali pa kulala. Nilimsikia Iftin akiuliza baba anakuja na gari gani.

Nilifunga biashara nikaenda nao. Hakuna aliyenialika, lakini ni nani angenizuia? Tulikaa kwenye ukumbi wa mabati, joto la kukaanga mtu. Mbele kulikuwa na wazee, mwenyekiti wao Mzee Billow, mwenye ndevu nyekundu za hina, na kando yake afisa kijana mwenye kompyuta. Jina la Ayanle likaitwa. Nunow akasimama naye.

Yule afisa hakuwa mkali. Hilo ndilo linaloniuma, ningependa awe mkali. Alisema kwa upole, kama anayemsaidia mtu, "Mzee Nunow, kabla hujaapa, uelewe jambo. Mkiwa wa baba mmoja, basi mfumo utawafunga wote mpaka uchunguzi uishe. Tutataka kujua ni nani mwingine wa familia hiyo alipelekwa kambini. Kitambulisho chako kitasimamishwa. Wanao pia hawatapata mpaka tumalize."

"Mnamaliza lini?" Nunow akauliza.

"Hilo siwezi kusema. Kuna wanaosubiri tangu nianze kazi hii."

Nunow alitazama kofia yake mikononi. Bila kipande hakuna lori, bila lori hakuna duka, hakuna dawa ya mama. Kila aliyekuwa pale aliipiga hiyo hesabu, hata mimi.

"Basi," akasema Mzee Billow, "unamjua huyu kijana?"

Nunow akafungua mdomo. Kabla neno halijatoka, Ayanle akasimama mbele yake.

"Hanijui," akasema. "Nilimwita hapa kwa jambo la mbuzi, hakujua ni kikao. Mimi si ndugu yake. Mimi ni wa Dagahaley."

Jamani. Wale watu walifanana, mtoto mdogo angeona. Paji la uso moja, pua moja, hata namna ya kusimama, mguu mmoja mbele. Nikaruka kutoka kwenye kiti changu. "Mwongo! Mzee, usiandike! Waangalieni nyuso zao, wallahi waangalieni!" Mimi Mkristo naapa wallahi, fikiria. Mzee Billow hakuangalia mtu. Aliinamisha kichwa akachezea tasbihi yake, na nikajua kwamba anajua. Afisa akaniambia, mama, toka nje. Ayanle naye akaniambia, "Toka, edo, tafadhali." Hakuwa amewahi kuniamuru kitu maishani mwake. Nikatoka.

Walimwandika vile alivyosema. Mkimbizi, arudi kambini, akionekana mjini bila ruhusa akamatwe. Alikuja kukusanya vyombo vyake, akaniachia mashine yake ya kuchomelea nimuuzie. Nilimtukana kwa Kimeru na kwa Kiswahili, na machozi juu. Akaniacha nimalize. "Edo, mmoja akiachwa nje, wengine wanakula," akasema, akapanda gari la kwenda Dagahaley.

Nasteho alinipigia mimi, maana simu ya Ayanle ilikuwa imezimwa. "Amepata?" Nikamwambia amekosa. Sikumwambia kwamba amejikosesha mwenyewe, sikujua ningeanzia wapi. Akanishukuru, akaniuliza afya yangu, kama wanavyofanya Wasomali hata wakiwa kwenye maumivu. Nilisikia talaka katika ile adabu, na talaka ilikuja.

Nunow hakuwa ameondoka mjini. Alikuja asubuhi iliyofuata, akakaa kwenye benchi, akaagiza chai. Nilikuwa na hasira ya kumwagia. Nikaiweka mezani kwa kishindo, nusu ikamwagika.

"Ulikuwa umefungua mdomo," nikamwambia. "Niliona. Ulikuwa unataka kumwambia yule mtu ukweli, na huyu mpumbavu akakukata. Nenda urudi kwa kamati. Nenda leo! Sema ulichotaka kusema jana."

Alishika kikombe kwa mikono miwili, hakunywa.

"Edo," akasema, "nilitaka kusema simjui."

Nikakaa.

"Alinitazama mara moja tu, akaona," Nunow akasema. "Ndiyo maana akasimama. Hakutaka nilitamke mimi."