Mama alimkaribisha mbwa wangu kwa kahawa ya kutafuna, nusura tumzike

Wakuu, habari za humu. Hii siyo chai. Yamenitokea mwenyewe, na vidio ninayo kwenye simu ingawa siku hizi sina hamu ya kuiangalia.

Mimi ni dada wa Bukoba, fundi cherehani, nimepanga chumba Kashai. Nilikuwa naishi na mbwa wangu anaitwa Bosi. Mwenye nyumba akaniambia nichague, mbwa au chumba. Nikampeleka Bosi kwa mama, Kishanda, kule Muleba.

Mama hakumtaka kabisa. Kwake mbwa ni wa kufungwa nyuma ya nyumba abweke usiku, basi.

Lakini mimi nilikuwa na mpango wangu. Tangu baba afariki mama anaishi peke yake pale katikati ya migomba, na kila akinipigia simu jioni sauti yake ilikuwa inanitia simanzi. Nikasema hata akimgombeza mbwa, si atakuwa na wa kuongea naye?

(Kabla sijamwacha nilihakikisha amepata chanjo ya kichaa cha mbwa. Hili lishikeni, linarudi huko mbele.)

Wiki zikapita, simu za mama zikaanza kubadilika. Mara "huyu mbwa wako mlafi", mara "huyu mbwa wako leo kanifuata kanisani, kalala mlangoni mpaka mchungaji kamaliza". Nikawa nacheka peke yangu kwenye cherehani. Mama alishampenda, ila kukiri ndiyo kazi.

Tatizo lilikuwa kwa mzee jirani, Ta Kato. Bosi alikuwa anamkimbizia kuku. Mzee alishatamka mbele ya watu, "Huyo mbwa ipo siku nitamnyoosha."

Jumamosi moja nikaenda kusalimia. Wahaya wenzangu mnajua, mgeni akifika kwetu kitu cha kwanza ni akamwani, ile kahawa inayochemshwa na majani ya kunukia, ikakaushwa, unatafuna punje zake. Mama akaleta kikapu chake kidogo, nikachota zangu. Bosi kakaa katikati yetu, katulia kama mzee wa kanisa.

Mama akamtazama. Akachota punje chache akamwekea chini.

"Na yeye apate. Si ni wa humu ndani?"

Wakuu, nilitaka kulia kwa furaha. Mwanamke aliyesema mbwa asivuke kizingiti chake, leo anampa akamwani! Nikarekodi, nikarusha kwenye grupu la familia. Bosi anatafuna, mama anacheka. Ndugu wote waliishia kucheka tu, hakuna aliyestuka.

Tukaenda shambani kukata ndizi. Kikapu tukakiacha juu ya kigoda.

Tuliporudi Bosi alikuwa anazunguka uani, hatulii. Anahema utafikiri katoka mbio ndefu. Akatapika. Miguu ikaanza kutetemeka, kisha mwili mzima. Nikamwekea mkono kifuani, moyo ulikuwa unakwenda mbio ajabu.

Mama akashika kichwa, akalia kwa Kihaya kama anayemwita mama yake. "Mawe! Ta Kato kamwekea sumu!"

Na mimi hasira zangu ziko karibu, wanaonijua wanajua. Nikavuka mpaka kwa mzee nikiwa bado na panga la ndizi mkononi. Niliyomwambia, nikiyaandika hapa modi atayafuta.

Mzee wa watu alikuwa anakaza mpini wa jembe. Akanisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi.

"Binti, mbwa akiniudhi nakuja kumshtaki kwa mama yako. Sumu niiweke wapi, kuku wangu si watakufa wa kwanza? Weka panga chini, twende nimwone."

Alipofika, kabla hajamgusa akauliza, "Kachanjwa?" Nikasema ndiyo. Hata hivyo akamfunika gunia mwilini na kutukataza kupeleka mikono mdomoni kwake, kwamba mbwa akizidiwa anamng'ata hata anayemlisha.

Mama alishakuja na maziwa. Huku kwetu likitajwa neno sumu tu, yanatafutwa maziwa. Mimi nikampigia daktari wa mifugo wa Muleba mjini.

"Amekula nini?"

"Sumu."

"Umeiona?"

"Hapana, daktari."

"Basi angalia alichotapika, uniambie."

Nikaangalia. Yalikuwa maganda ya kahawa. Nikageuka kwenye kigoda, kikapu kimeanguka pembeni, kitupu.

Mama naye akaona. Akakaa chini pale pale uani. "Mwanangu, kumbe ni mimi."

Daktari alikuwa mkali. Maziwa hayasaidii. Msimnyweshe kitu, msimtapishe akiwa anatetemeka, atapaliwa. Mleteni sasa hivi. Akaniambia kahawa tunayotafuna sisi bila shida, kwa mbwa inaupeleka moyo mbio mpaka anapata degedege, na anaweza kufa.

Ta Kato akawasha pikipiki yake. Mimi nyuma, Bosi katikati yetu ndani ya gunia, kichwa nje. Njia nzima namwomba mzee msamaha, vumbi linaniingia mdomoni, na yeye ananijibu neno moja tu: "Shika mbwa."

Kwa daktari, Bosi akawekewa dripu na kuchomwa sindano za kumtuliza. Mama, aliyebaki nyumbani, akawa anapiga simu, haulizi kitu, anasema "waitu", lile neno letu la kusihi, halafu analia.

Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Bosi akifa, mama hatampenda kiumbe mwingine. Ataona kila anachokipokea nyumbani kwake anakiua kwa mkono wake.

Asubuhi yake niliporudi kwa daktari, Bosi akanyanyua kichwa, mkia ukagonga sakafu. Nililia mbele ya daktari bila aibu.

Nilichojifunza wakuu: kahawa ya aina yoyote, majani ya chai, chokoleti, mbwa asiguse. Mnaoanika kahawa uani, mbwa asiachwe nayo. Na mbwa akiugua ghafla, uliza kwanza kala nini, habari ya nani anakuchukia iache. Namba ya daktari wa mifugo uwe nayo kabla ya shida.

Wafugaji wa humu, mbwa wenu wameshakula nini cha kuwatoa roho? Na anayejua namna ya kumfundisha mbwa aachane na kuku anisaidie, maana Ta Kato bado analalamika.

Juzi nilienda tena. Kikapu sasa kinaning'inia juu ukutani. Ta Kato alikuwepo, siku hizi anapita "kumwona mgonjwa". Tukachota akamwani, Bosi akakaa katikati yetu, anasubiri.

Mama akaingia jikoni, akatoka na kipande cha ndizi ya kuchemsha, haina chumvi wala kitunguu, kwenye kisahani alichokinunua yeye mwenyewe. Akainama, akamwekea.

"Akamwani yako hii hapa, baba."

Wakuu, hilo jina "baba" hajawahi kumwita mtu tangu marehemu baba aondoke.