Siku Meja Alipokataa Maji

Msimu wa kuvuna, uwanja wetu wa Maili Nne, pembeni mwa Eldoret, ulinuka mahindi yanayokaukia juani. Baba aliyaanika kwenye maturubai, na kazi ya kufukuza kuku ilikuwa ya Meja, mbwa wetu aliyenizidi umri. Mwaka huo kuku walikula watakavyo. Meja alilala kando ya turubai, macho yamefunikwa na ukungu, na hata kuku wakidonoa karibu na pua yake hakuinua sikio. Mama ndiye aliyetangulia kuona kwamba pia hali chakula vizuri. Kwanza aliacha ugali akalamba supu tu, kisha hata supu akawa anainusa na kugeuza kichwa. Mama akamwekea ukoko, kitu ambacho zamani angekifuata mpaka jikoni, tukaukuta umejaa sisimizi. Akaanza kujificha nyuma ya tangi la maji, kwenye baridi, uso ukutani. Mbavu zilihesabika, miguu ya nyuma ilimlegea, na udenda ulimtoka kwa sababu meno yake yalikuwa yameoza.

Udenda huo ndio uliotuletea taabu. Siku hizo mbwa mwenye kichaa alikuwa amemuuma ndama upande wa Turbo, na kila mzazi alikuwa na wasiwasi. Mzee Koech, jirani yetu mfugaji, alimwona Meja akipepesuka karibu na boma la ng'ombe wake. Tulimrudisha Meja nyumbani, Baba akamfungia katika ghala tupu la mahindi, lile la mbao zenye nafasi katikati. Kabla hatujapumua, Mzee Koech aliingia na wanaume wengine, marungu mkononi.

“Baba Nekesa,” alimwita Baba kwa jina langu, “hiyo mbwa imeshika kichaa. Toa tumalize.”

“Ni uzee, Mzee. Hata wewe ukifika huko utatoa mate.”

Mmoja alicheka. Mzee Koech hakucheka. “Mimi nikitoa mate, siumi ng'ombe ya mtu.”

Kwetu kila mtu alijua kipimo kimoja: mbwa mwenye kichaa huogopa maji. Baba, kwa kumwamini Meja, akakubali kipimo hicho mbele ya wote. Mama alijaza karai, akalisukuma ndani kwa mpini wa ufagio, akafunga mlango haraka. Hakuna aliyekumbuka kwamba mbwa anayekufa kwa uzee naye huacha kunywa. Nilikodolea macho mdomo wa Meja, nikiomba ulimi wake utoke. Alikaribia, maji yakatikisika kwa pumzi yake. Kisha akaweka kidevu kwenye ukingo wa karai na kufumba macho.

“Umeona sasa?” Mzee Koech akasema.

“Hajayakimbia,” Baba alijibu, akiwa ameuegemea mlango wa ghala kwa mgongo. “Amechoka tu. Hatoki humu. Niachieni mpaka jua lishuke. Akiinuka kutaka kuuma, mimi mwenyewe nitamuua.”

Mzee Koech alifikiri, akaketi juu ya gunia. Hakuna aliyeondoka. Mimi niliambiwa nikae mbali, nikawa natazama kupitia nafasi za mbao. Pumzi ya Meja ilikuwa inakuja ndefu, inakatika, inarudi. Mguu wake ukishtuka, marungu yaliinuka. Nilichoogopa zaidi ni tabia yake njema: Meja hakuwahi kuona wageni bila kuinuka kuwasalimia. Mzee Koech alipokohoa, Meja alinyanyua kichwa, akajaribu kusimama. Baba akashika rungu. Miguu ya Meja ikateleza, akajilaza tena, mkia ukagusa maganda ya mahindi polepole. Tulisubiri pumzi inayofuata. Haikuja.

Mzee Koech alivua kofia. “Leta jembe,” alimwambia Baba. “Na mtu asishike mdomo wake, hatujui.” Ni kweli, hatukujua. Hakuna aliyempima, na mpaka leo siwezi kuapa kwamba ulikuwa uzee tu. Wanaume wale wale walimfunika kwa gunia na kuchimba kwa zamu, na Mzee Koech akampa Baba pole, mkono kwa mkono, kama aliyefiwa.

Sasa ninaishi mtaa wa Kapsoya, mjini Eldoret, nyuma ya ukuta mrefu. Mwaka huu mbwa wetu naye alizeeka, akaanza kuacha chakula. Nilizijua dalili kabla ya mtu kuniambia. Daktari wa mifugo alikuja na pikipiki, akatazama kadi ya chanjo, akapapasa tumbo, akatueleza kwamba figo zimechoka. Alimdunga sindano ya mwisho na mbwa akalala kichwa kikiwa pajani mwangu. Nashukuru. Sitamani mtoto yeyote aone marungu yale. Lakini shimo tulichimba wawili tu, mume wangu na mimi, na hakuna aliyetupa pole. Kibao cha “Mbwa Mkali” bado kiko getini, na jirani akitaka jambo husimama ng'ambo ya barabara na kupiga simu kwanza, kuuliza kama mbwa amefungwa.