Siku Niliyotaka Kuipamba Damu Yangu

Kama hadithi hii mmeshaipata kwa Kiondo, nahodha wetu, naomba muitue kwanza, maana yeye anasema nililia (sikulia, huku Magamba ukungu huwa unaingia machoni). Aibu ni yangu, acheni nifedheheke kwa kinywa changu mwenyewe.

Mimi ni mtu wa nyumbani. Nikiwa na kiti changu, redio na chai ya tangawizi, sina ugomvi na dunia. Timu ya maveterani niliingia kwa sababu mke wangu, Mama Zuhura, alichoka kufagia akinizunguka, na nikachagua kuwa kipa kwa vile ndiyo nafasi pekee ambayo mtu anasifiwa kwa kusimama mahali pamoja.

Sasa mwaka huu tukaalikwa kucheza Mtae, na Mtae ndiko nilikooa. Shemeji zangu wa kule ni watu wa maneno, wangenikosa golini siku hiyo wangesema dada yao kaolewa na mto wa kulalia, na hilo wangelisema mpaka kwenye mazishi yangu, kwa hiyo mimi ile safari niliitaka kuliko mtu yeyote kwenye timu. Kocha naye akatangaza kwamba kabla ya kuondoka kila mchezaji atapimwa damu, sukari, wingi wa damu na mengine, kwani wanaume wa umri wetu tunakimbizana na mpira kama vijana na wala hatujui ndani kuna nini, na atakayekutwa na upungufu wa damu atabaki.

Nikaingiwa na baridi. Kwa miezi mingi nilikuwa nachoka hata nikitoka shambani mikono mitupu, nikipanda kilima moyo unagonga kama mtu anayedai kufunguliwa. Mke wangu aliita uvivu, wenzangu wakaita uvivu, na mimi kwa kuwa najijua nilikubaliana nao.

Basi jioni kabla ya vipimo nikaliona tenga la bitiruti ambalo Mama Zuhura alilitenga kwa ajili ya soko la Lushoto. Huku kwetu mtoto mdogo anajua bitiruti inaongeza damu. Nikasaga, nikanywa jagi zima, na alfajiri nikanywa jingine, nikajisikia damu imenijaa mpaka kwenye ndewe za masikio.

Vipimo vilikuwa kwenye darasa moja la shule ya msingi. Binti wa maabara aliniamkia vizuri, shikamoo baba, akanitoa damu mkononi, kisha akanipa kikopo cheupe cha plastiki niende chooni nimletee mkojo. Nikaenda, nikafanya kazi niliyotumwa, nikatazama. Kikopo kilikuwa chekundu. Si chekundu cha kubahatisha, chekundu kabisa.

Mtu mwenye akili angekumbuka yale majagi. Mimi nilimkumbuka Mungu, halafu shemeji zangu. Nikaamua kwamba mkojo huu hauonwi na mtu, nitaupitisha nyuma ya madarasa chini ya jaketi, niende zangu nyumbani nikafie kwenye kiti changu. (Kwa nini sikuumwaga palepale chooni? Hata leo sijui, nadhani nilitaka ushahidi.)

Kukata kona tu, nikakutana uso kwa uso na mama yake Kiondo, bibi ambaye huwezi kumpita hata kama nyumba yako inaungua. Nikasimama, nikainamisha kichwa, shikamoo bibi. Akaitikia, akaanza kunijulia hali kwa utaratibu: mke, watoto, mahindi, ng'ombe aliyekuwa na mimba, na kila nikijibu ananishika mkono upya, mpaka mkono uliokuwa chini ya jaketi nao ukalazimika kutoka. Akakiona kikopo. Uso wake ukachanua.

"Juisi ya rozela hiyo, mwanangu? Hebu nionjeshe, koo limenikauka na kilima hiki."

Jamani. Mkubwa akiomba cha kuonja hunyimi, ndivyo tulivyolelewa, na mkono wake ulikuwa umeshafika kwenye kikopo. Nikakiinua juu ya kichwa kama mtu aliyeshinda kombe, nikajikuta nasema kwa sauti ya kusikika mpaka uwanjani, "Bibi, huo ni mkojo wangu! Nakufa!"

Timu nzima ikatoka darasani. Mimi nimeshakaa kwenye majani, naanza kuusia. Nikasema glovu zangu apewe atakayezitaka, Mama Zuhura asisumbuliwe, na Kiondo anisamehe lile goli la kule Mazinde, kwa sababu jua halikuniingia machoni kama nilivyoapa, nilikuwa nimesinzia. Kiondo akajibu kwamba kufa nife, lakini lile goli hasamehi.

Binti wa maabara akachuchumaa pembeni yangu, akaniuliza tangu jana nimekula nini. Nikamwambia. Kikalipuka kicheko ambacho naamini kilivuka msitu. Bibi alicheka mpaka kitenge kikamlegea. Kiondo alikuwa amelala chini anapiga nyasi, "Mghoshi wewe, mwanamume mzima, umejipaka rangi ndani!"

Yule binti peke yake hakucheka. Alirudi ndani kutazama majibu ya damu yangu, akatoka, akaniomba tuingie wawili.

"Baba, watu wengine wakila bitiruti mkojo hubadilika, na hutokea zaidi kwa aliyepungukiwa madini ya chuma. Damu yako iko chini sana. Sijui umewezaje kusimama golini."

Akauliza kama kuna dawa ninayotumia. Nikamwambia vile vidonge vya maumivu ya goti, ambavyo nimevimeza karibu kila siku tangu msimu uliopita, mara nyingi kabla ya chai. Hospitalini walipoingiza kamera yao walikuta kidonda tumboni, kazi ya vidonge vile, kinavuja damu taratibu, na daktari akasema ningekwenda kuruka golini Mtae na tumbo lile pengine ningerudishwa nimelala.

Walionipeleka hospitali ni walewale waliocheka, Kiondo akinishika kiuno kwenye kila ngazi. Mama Zuhura hajasema neno uvivu tena, na bitiruti zake hajaziulizia. Mtae sikwenda. Shemeji zangu walisimuliwa yote, rozela na wasia, wakanipigia simu mmoja baada ya mwingine kunicheka, na wa mwisho, mkubwa wao, alicheka, kisha akasema, "Shemeji, tushukuru. Tungekuzika huku bure."

Nashukuru. Namshukuru binti yule, na sindano yake, na hata bibi na kiu yake. Na nimeapa: nikiitwa tena kupimwa sitaipamba damu yangu, naipeleka ilivyo, na uchovu wangu na woga wangu. Wakicheka wacheke, mradi wasiende mbali.