Mlango wa Mulombwa wa Kanisa la Tenke

Siku yangu ya kwanza katika atelye ya useremala ya shirika la reli, hapa Kolwezi, sikupewa msumeno. Shefu, yaani msimamizi wa atelye, mzee mfupi mwenye penseli sikioni, alinipa vipande viwili vya mti wa mulombwa, ambao wengine huuita mninga: kimoja kibichi, kinachotoa utomvu mwekundu kama damu, na kingine kikavu, cha rangi ya kahawia.

“Nusa, mutoto,” alisema. “Utapiga chafya mupaka pensheni.”

Hakukosea. Vumbi la mulombwa huwasha pua, nami nimelivuta maisha yangu yote ya kazi.

Alinifundisha kupanga mbao chini ya paa, vijiti katikati, ili upepo upite. Sehemu ya nje ya gogo, ile nyeupe, tuliitupa kwa sababu wadudu huila. Moyo wa mti ndio mali. Unakubali randa na gundi, lakini sifa yake kubwa ni kutulia: ukikaushwa polepole, mvua na jua haviusumbui sana. Haraka ndiyo inayouharibu.

Baadaye nilihamishiwa Tenke, kutengeneza nyumba za wafanyakazi wa reli. Huko nikamposa Kapinga, binti wa Tata Kazadi, mlinzi mstaafu wa stesheni. Parokia ilihitaji mlango mpya, nami nikaufanya wakati wa kiangazi, kwa mbao nilizokuwa nimezikausha muda mrefu. Harusi yetu ilipangwa mvua zikishaanza.

Tata Kazadi alikuja kuukagua. Akajaribu kupitisha ukucha kati ya mlango na fremu, ukagoma.

“Bwana menizye, wewe fundi wa mbao, mvua ya kwanza tu, hii itavimba. Bibi arusi ataingilia ku dirisha?”

“Tata, ni mulombwa. Haivimbake.”

“Haivimbake! Muzuri. Siku ya ndoa mulango ikikatala, mi narudia na mutoto wangu ku nyumba.”

Wanakwaya waliokuwa mazoezini pale kanisani walicheka. Yeye hakucheka.

Kapinga alinivuta pembeni. “Pitisha randa kidogo tu. Nani atajua?”

Nilimwuliza shefu wangu wa Tenke. Akajibu, “Ukipunguza, kiangazi upepo itaingia mpaka ku altare. Uliikausha ao hukuikausha?”

“Niliikausha, shefu.”

“Basi acha.”

Nikaacha, lakini usingizi ulinipotea.

Wiki ya harusi ilinyesha bila kupumzika. Tulifika kanisani chini ya miavuli, viatu vimejaa matope mekundu. Tata Kazadi, Kapinga akiwa mkononi mwake, akatusimamisha wote mvuani.

“Mungojee!”

Akanyoosha kidole kimoja, akasukuma. Mlango ukafunguka bila hata kulia.

Akamgeukia binti yake. “Ingia, mama. Huyu muntu anajua kungojea.”

Vigelegele vilizidi kelele za mvua.

Nilimalizia kazi Fungurume, nami nikiwa shefu, nikiwapa vijana wapya mulombwa wa kunusa. Tata Kazadi, mpaka alipofariki, kila mwaka mvua zikianza alikwenda kuusukuma ule mlango kwa kidole, kisha akinikuta hunitangazia kwa sauti ya mtu aliyeshindwa tena: “Bado!”

Sasa niko kwenye pensheni, na bado napiga chafya. Mvua za mwaka huu zilipoanza, mimi na Kapinga tulipanda gari hadi Tenke. Kapinga alinyoosha kidole, akausukuma ule mlango.

“Bado,” alisema, kwa sauti ileile ya baba yake. Tukaingia.